Balozi Hempstone na Rais Moi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila balozi wa nchi kubwa anapofungasha virago Nairobi au Dar es Salaam, maswali huwa yaleyale. Aliagana vipi na Rais? Walikuwa wakipatana? Ameondoka mwenyewe au ameondolewa? Kenya, mazungumzo hayo hayafiki mbali kabla jina la Smith Hempstone halijatajwa. Huyu ni balozi wa Marekani aliyekuwa Nairobi tangu mwaka 1989 hadi Februari 1993, miaka ambayo Rais Daniel arap Moi alikubali kwa shingo upande kurudisha vyama vingi. Majibu haya ni kwa waliozaliwa baadaye wakasikia habari hizi nusunusu, na kwa waliokuwapo ambao wangependa kuona mambo yamepangwa kwa mfuatano wake.

Smith Hempstone alikuwa nani kabla ya kuja Nairobi?

Alikuwa mwandishi wa habari, si mwanadiplomasia wa kazi. Alizaliwa Washington mwaka 1929 na aliwahi kuwa ofisa wa kikosi cha Marine wakati wa vita vya Korea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alizunguka Afrika akiandikia magazeti ya Marekani, na hata akatoa kitabu kuhusu vita vya Katanga, Kongo. Miaka ya 1980 akawa mhariri mkuu wa The Washington Times, gazeti la mrengo wa kulia.

Jambo hilo la mwisho lishikwe vizuri. Wengi hudhani Hempstone alikuwa mwanaharakati aliyejificha kwenye suti ya balozi. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa chama cha Republican, mpinzani wa ukomunisti, mpenda uwindaji na uvuvi, na aliteuliwa na Rais George H. W. Bush. Kwa mtazamo wa Ikulu ya Nairobi mwaka 1989, huyo alikuwa mgeni asiye na sababu ya kuleta matata.

Rais wa nchi mwenyeji huwa na kauli katika uteuzi wa balozi?

Anayo, na ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia, ibara ya 4, unasema nchi inayotaka kutuma balozi lazima kwanza ipate ridhaa ya nchi inayompokea. Jina hupelekwa kimyakimya. Mwenyeji akikataa, hadaiwi maelezo. Ndiyo maana ni nadra kusikia jina limekataliwa: huishia mezani, likaletwa jingine.

Akishakubaliwa, balozi hufika nchini na kukabidhi hati za utambulisho kwa Rais. Zile picha za Ikulu za watu wawili wakishika bahasha moja ndizo hizo. Kabla ya hapo anaweza kufanya kazi za ndani ya ofisi yake, lakini hachukuliwi kuwa balozi kamili. Hempstone alipitia njia hiyohiyo. Moi alimkubali na kumpokea kama alivyowapokea wengine.

Walianza vibaya tangu siku ya kwanza?

Hapana. Walianza katika uhusiano wa nchi uliokuwa mzuri sana, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa rafiki wa Marekani asiyetiliwa shaka katika pembe hii ya dunia. Jirani zake walikuwa na mitihani yao: Ethiopia ya Mengistu ilikuwa upande wa Moscow, na Tanzania ilikuwa na Ujamaa wake na msimamo wa kutofungamana. Mwaka 1980 Kenya ilitia saini makubaliano ya kuyaruhusu majeshi ya Marekani kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Kwa upande wake, Washington ilifumba macho. Ilifumba macho Kenya ilipofanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja mwaka 1982. Ilisema machache tu kuhusu uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, na aliyekuwa na foleni fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Mwaka huohuo katiba ilibadilishwa ili kuwaondolea majaji wa Mahakama Kuu kinga ya kutofutwa kazi ovyo.

Kisha, Novemba 1989, Ukuta wa Berlin ukaanguka. Sababu ya kufumba macho ikaanguka nao. Hempstone alifika Nairobi wakati huohuo. Moi alikuwa bado anaishi ndani ya mapatano ya zamani, na mgeni wake alitoka kwenye mji ambao mapatano hayo yalikuwa yanaisha. Ukiielewa tarehe hiyo, nusu ya ugomvi wao umeshaielewa.

Mambo gani hasa yaliwasha moto?

Mwaka 1990 ulikuwa mzito tangu siku ya kwanza. Katika mahubiri ya Mwaka Mpya, mchungaji Timothy Njoya alitabiri kuwa mifumo ya chama kimoja Afrika ingefuata ile ya Ulaya Mashariki, na wakubwa wa Kanu, chama tawala, wakamrukia. Februari, Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko, aliyekuwa ametoka safari ya Washington pamoja na Rais muda mfupi kabla, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulikutwa Got Alila ukiwa umeungua na una jeraha la risasi. Watu waliandamana Nairobi na Kisumu. Kwa balozi mpya, waziri aliyekuwa mlango wake rasmi wa kuingilia serikalini alikuwa ameuawa kabla hajamaliza miezi minne nchini.

Halafu ukaja mlo wa mchana wa Rotary.

Alisema nini hasa kwenye mkutano wa Rotary?

Ilikuwa Alhamisi, 3 Mei 1990, mbele ya wanachama wa Rotary Nairobi: watu wa biashara, mawakili, mameneja wa benki, hadhira ambayo kwa kawaida huja kusikiliza habari za uwekezaji. Hempstone aliwaambia kwamba katika Bunge la Marekani mkondo umegeuka, na kwamba misaada itaelekezwa zaidi kwa nchi zinazolea taasisi za kidemokrasia, zinazolinda haki za binadamu na zinazoruhusu siasa za vyama vingi.

Ukiisoma sentensi hiyo leo utashangaa kelele zilitoka wapi. Hakumtaja Rais. Hakuiambia Kenya ifanye nini. Alieleza tu fedha za nchi yake zitakwenda wapi. Lakini siku ileile, mawaziri wawili wa zamani, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliita waandishi wa habari na kudai chama kimoja kikomeshwe. Serikali haikuamini kuwa matukio hayo mawili yameangukia siku moja kwa bahati. Tangu hapo, kila neno la mpinzani lilionekana limeandikwa ubalozini, na kila neno la balozi lilionekana ni la mpinzani.

Kwa hiyo Hempstone ndiye aliyeleta vyama vingi Kenya?

Hapana, na swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu jibu la mkato linawadhulumu watu.

Matiba na Rubia walikamatwa tarehe 4 Julai 1990 na kuwekwa kizuizini bila kesi. Mkutano wao wa Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, uwanjani Kamukunji ulipigwa marufuku, watu wakaenda hata hivyo, na ghasia zikaenea Nairobi na miji ya jirani. Wapo waliokufa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi tena kama zamani hadi alipofariki mwaka 2018. Raila Odinga naye aliwekwa kizuizini mwaka huo, na haikuwa mara yake ya kwanza. Mawakili kama Gitobu Imanyara, Paul Muite na James Orengo walikuwa kazini kabla balozi huyu hajajua njia ya kutoka uwanja wa ndege kwenda ofisini kwake. Agosti 1991 Jaramogi Oginga Odinga, akiwa amekaribia miaka 80, alijitokeza na wenzake kuanzisha FORD, vuguvugu la kudai demokrasia.

Balozi alikuwa na kinga ya kidiplomasia. Lililokuwa baya kuliko yote kwake ni tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani. Hao wengine hawakuwa na kinga yoyote.

Hata hivyo si haki kusema hakufanya kitu. Alifanya mambo mawili yenye uzito. Kwanza, aliwapa watu hifadhi ya macho: mshukiwa wa siasa ambaye balozi wa Marekani anamjua kwa jina ni vigumu kupotea kimya. Julai 1990 wakili Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani ili asikamatwe, akakaa humo siku kadhaa hadi alipopatiwa njia ya kwenda Marekani. Jengo lenyewe lilikuwa katikati ya mji, penye kona ya barabara ya Moi na barabara ya Haile Selassie, palepale ambapo bomu la Agosti 1998 lingekuja kuua zaidi ya watu 200. Mtu anayetafutwa na dola ya Moi akipewa kitanda kwenye barabara yenye jina la Moi: hebu fikiria Ikulu ililipokeaje hilo.

Pili, alifanya hoja ya Wakenya iwe hoja ya fedha. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa miezi sita, wakitaja mageuzi ya kiuchumi na ya kisiasa. Siku chache baadaye, mapema Desemba, Moi aliwaambia wajumbe wa Kanu pale Kasarani kwamba kifungu cha 2A, kile kilichofanya Kanu kuwa chama pekee, kitaondolewa. Bunge likakiondoa mwezi huohuo. Wafadhili walikuwa wengi mezani Paris, na Marekani ilikuwa mmoja wao tu, lakini ripoti za balozi wake zilikuwa zimeandaa mazingira.

Kwa maoni yangu, bila Paris mageuzi yangekuja kwa kuchelewa na kwa maumivu zaidi. Bila Kamukunji yasingekuja kabisa.

Je, hakuvunja sheria? Balozi si haruhusiwi kuingilia mambo ya ndani?

Ibara ya 41 ya Mkataba wa Vienna inasema wazi kwamba wanadiplomasia wana wajibu wa kuheshimu sheria za nchi mwenyeji na kutoingilia mambo yake ya ndani. Moi na mawaziri wake waliishikilia hoja hiyo, na haikuwa hoja ya kipuuzi. Nchi iliyotoka kwenye ukoloni mwaka 1963 ina haki ya kukereka inapoona mzungu mwenye bendera kwenye gari akiwaambia viongozi wake namna ya kutawala. Waziri wa Mambo ya Nje aliyemfuata Ouko, Wilson Ndolo Ayah, alifika mahali akamshutumu Hempstone hadharani kuwa mbaguzi mwenye fikra za mmiliki wa watumwa.

Mimi nautenga mstari hivi. Balozi akisema serikali yake itatoa fedha kwa masharti gani, anazungumzia fedha zake. Akikutana na wapinzani, anafanya kazi ambayo ibara ya 3 ya mkataba huohuo inamtaka afanye, yaani kujua hali ya nchi kwa njia halali. Akianza kuwashauri wapinzani nani awe mgombea, au kuwasukuma waungane, amevuka. Hempstone alikaa upande salama wa mstari huo kwa sehemu kubwa ya 1990. Kufikia 1992, alipokuwa akitamani waziwazi kuona upinzani ukiungana, alikuwa ameukaribia mno.

Kama alimchukia hivyo, kwa nini Moi hakumfukuza?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, kwa sababu uwezo alikuwa nao. Ibara ya 9 inampa mwenyeji ruhusa ya kumtangaza mwanadiplomasia yeyote kuwa mtu asiyetakiwa, wakati wowote, bila kueleza sababu. Wabunge na viongozi wa Kanu walipiga kelele afukuzwe. Moi hakutia saini.

Tazama kilichotokea kwa Norway. Oktoba 1990 mpinzani Koigi wa Wamwere, aliyekuwa akiishi uhamishoni Norway, alishtakiwa Nairobi kwa uhaini. Balozi wa Norway, Niels Dahl, alifika mahakamani na serikali yake ikalalamika. Kenya ikavunja uhusiano wa kidiplomasia na Norway moja kwa moja. Gharama yake haikuonekana sana Nairobi. Ilionekana Turkana, ambako shirika la misaada la Norway lilikuwa limeweka fedha kwa miaka mingi, ikiwamo barabara ya Kitale hadi Lodwar. Miradi ikasimama, na watu wa Turkana, ambao hawakuwa na habari ya kesi wala ya balozi, ndio waliobaki na mashimo.

Kwa hiyo Moi hakuwa mtu wa kuogopa kuvunja. Alipima. Norway ingeweza kupotezwa. Marekani ilikuwa na kura nzito Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilikuwa na watalii, ilikuwa na wanajeshi waliohitaji Mombasa. Isitoshe, kumfukuza Hempstone kungemfanya shujaa rasmi wa upinzani. Moi alikaa Ikulu miaka 24, na hakukaa kwa bahati: alijua wakati wa kupiga na wakati wa kuacha maneno yapite. Mawaziri walitukana, yeye akasubiri.

Washington yenyewe ilimuunga mkono balozi wake?

Nusunusu, na hili Ikulu ililiona vizuri.

Mapema mwaka 1991, Kenya ilikubali kupokea mamia ya wanajeshi wa Libya waliomwasi Gaddafi. Marekani ilikuwa inawatafutia pa kuwaweka baada ya utawala wa Hissène Habré kuanguka nchini Chad. Karibu na wakati huo Washington ikaachilia dola milioni 5 za msaada wa kijeshi kwa Kenya. Fikiria ilikuwaje kwa balozi: asubuhi unazungumzia haki za binadamu, mchana serikali yako inalipa kwa mambo mengine kabisa.

Kisha Somalia. Siad Barre alianguka Januari 1991, wakimbizi wakafurika kaskazini mashariki mwa Kenya, na Agosti 1992 ndege za jeshi la Marekani zikaanza kupeleka chakula Somalia kutokea Mombasa. Ndege haziruki Mombasa bila ridhaa ya serikali ya Kenya. Mtu uliyekuwa unamkosoa mwezi uliopita sasa unahitaji uwanja wake.

Kuhusu Somalia, Hempstone alionyesha kwamba ulimi wake haukuwa mkali kwa Moi peke yake. Mwishoni mwa 1992 aliiandikia Washington kuionya isipeleke wanajeshi wa nchi kavu, akisema waliopenda Beirut wataipenda sana Mogadishu. Alikuwa anakumbusha shambulio la 1983 lililoua wanajeshi 241 wa Marekani nchini Lebanon. Onyo hilo lilivuja magazetini. Wanajeshi walipelekwa hata hivyo, na Oktoba 1993 wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya Mogadishu. Wakati huo yeye alikuwa ameshaondoka Nairobi.

Uchaguzi wa 1992 ulimpa nani haki?

Haukumpa mmoja wao haki kamili. Tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36. Matiba alipata 26, Mwai Kibaki 19, Jaramogi 17. Jumlisha mwenyewe: wapinzani watatu walikuwa na kura nyingi kuliko Rais, ila kila mmoja alikwenda kivyake. FORD ilikuwa imeshapasuka ikawa vyama viwili, FORD-Asili na FORD-Kenya.

Moi alikuwa amesema vyama vingi vitaleta ukabila. Vurugu za Bonde la Ufa, zilizoanza Oktoba 1991 huko Miteitei na kuua mamia ya watu, wafuasi wake walizitaja kama ushahidi. Lakini kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, bunge la Kanu tupu, ilitoa ripoti mwaka 1992 ikiwagusa wanasiasa wakubwa wa chama hichohicho. Hilo lisisahaulike kila anaposifiwa mtu kwa utabiri wake.

Hempstone aliondoka kwa sababu ya Moi?

La. Aliondoka kwa sababu ya wapiga kura wa Marekani. Bush alishindwa na Bill Clinton Novemba 1992. Kwa desturi ya Marekani, mabalozi walioteuliwa kisiasa huwasilisha barua za kujiuzulu rais mpya anapoingia, na barua za wa chama kilichoshindwa hukubaliwa. Clinton aliapishwa 20 Januari 1993, na Hempstone akaondoka Nairobi mwezi uliofuata.

Hapo pana jambo ambalo mtu akilitazama kwa makini litamgusa: balozi aliyetumia miaka zaidi ya mitatu akidai uchaguzi wa ushindani aliondolewa na uchaguzi wa ushindani, na Rais aliyeupinga alishinda wa kwake akabaki.

Balozi anayemaliza muda hutakiwa kufanya nini kabla ya kuondoka?

Kuna yanayotakiwa kisheria na yanayotakiwa kwa adabu. Kisheria ni machache: ubalozi huiarifu Wizara ya Mambo ya Nje kwamba kazi yake imekwisha na tarehe ya kuondoka. Kinga yake huendelea hadi atoke nchini au muda wa kutosha wa kutoka upite. Kwa matendo aliyoyafanya kikazi, kinga haiishi kabisa.

Kwa adabu ni mengi. Huomba kumuaga Rais kupitia Mkuu wa Itifaki. Huwaaga Waziri wa Mambo ya Nje, Spika, Jaji Mkuu, na mabalozi wenzake, ambao kiongozi wao, yaani yule aliyekaa nchini muda mrefu kuliko wote, huwaandalia wanaoondoka hafla. Rais akimkaribisha Ikulu hupewa nafasi ya mazungumzo, zawadi pengine kinyago au picha, na taarifa fupi kwa vyombo vya habari yenye maneno ya kushukuru. Hati ya kumrudisha nyumbani, ile inayosema rasmi kwamba kazi yake imekoma, mara nyingi haitoi yeye. Huletwa na mrithi wake pamoja na hati za utambulisho za mrithi huyo.

Rais akikataa kumuona anayeondoka, uhusiano umevunjika?

Haujavunjika. Hakuna ibara inayomlazimisha Rais kumpa mtu chai. Kumnyima ni ujumbe, na wanaofuatilia mambo haya huusoma, lakini ofisi ya visa hufunguliwa kesho yake kama kawaida. Balozi akishaondoka, ofisa wa chini yake huwa kaimu balozi hadi mrithi afike. Nchi zikikasirikiana hupenda kubaki na kaimu kwa muda mrefu: uhusiano upo, kiti cha juu kitupu.

Baada yake uhusiano wa Marekani na Moi ulibadilika?

Sauti ilibadilika kuliko msimamo. Aliyemfuata, Aurelia Brazeal, alikuwa mwanadiplomasia wa kazi aliyehudumu Nairobi tangu 1993 hadi 1996. Magazeti hayakupata kwake vichwa vya habari walivyovizoea. Masharti ya misaada yaliendelea. Wengine huona hilo kama Marekani kurudi nyuma. Mimi naona ilikuwa pia nafuu kwa upinzani wenyewe, uliokuwa sasa bungeni, na haukuhitaji tena kusemewa na mgeni.

Kuna mabalozi wengine wa aina yake katika eneo letu?

Wapo. Sir Edward Clay, wa Uingereza, mwaka 2004 alisema wala rushwa wa serikali ya Kibaki wamekula hadi wanawatapikia wafadhili viatuni. Aliondoka 2005 baada ya kumaliza muda, na mwaka 2008, akiwa raia wa kawaida, Kenya ikatangaza haimtaki nchini.

Tanzania, Januari 1965, Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja wao Frank Carlucci wa Zanzibar, kwa tuhuma za njama zilizotokana na mazungumzo ya simu. Balozi wao hakuguswa. Carlucci baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Novemba 2018, enzi za Rais Magufuli, Umoja wa Ulaya ulimrudisha Brussels balozi wake Roeland van de Geer baada ya shinikizo la serikali, kisha ukatangaza kuuangalia upya uhusiano wake na Tanzania.

Hempstone na Moi waliishia wapi?

Hempstone alichapisha kumbukumbu zake za Nairobi mwaka 1997, kali kama alivyokuwa mwenyewe. Ni ushuhuda wa upande mmoja na usomwe hivyo. Alifariki mwaka 2006. Moi alitawala hadi Desemba 2002, akakabidhi madaraka kwa Kibaki kwa amani pale Uhuru Park huku umati ukimzomea, na alifariki Februari 2020.

Nikitaka kujua kama balozi anayeondoka sasa aliagana vizuri na Rais, niangalie nini?

Usianze na hotuba za kuaga, maana zote husema uhusiano umeimarika. Angalia kwanza kama alipokewa Ikulu au aliishia wizarani, na kama Ikulu yenyewe ilitoa picha. Angalia kama alimaliza muda wa kawaida, yaani miaka mitatu hivi au minne, au alikatishwa. Halafu hesabu miezi hadi mrithi akabidhi hati: ikizidi mwaka, uliza kama ni nchi inayotuma iliyochelewa kumteua au ni mwenyeji aliyechelewa kutoa ridhaa. Kwa mabalozi wa Marekani, tazama kwanza tarehe ya uchaguzi wao, kwani wengi huondoka kwa sababu hiyo tu. Mwisho, fuatilia mikataba iliyokuwa mezani: ikitiwa saini ndani ya miezi michache baada ya yeye kuondoka, tatizo lilikuwa mtu. Isipotiwa, tatizo ni la nchi kwa nchi, na mrithi atalikuta.